Fundi wa Isevya na Petroli Safi

Ukimpelekea injini iliyokufa, hakuitazama injini. Alikutazama wewe. Miwani yake ilifungwa uzi wa katani upande wa sikio la kushoto, na nyuma yake macho madogo yalitulia usoni pako muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Kisha aliuliza, "Umeweka nini?" Ulijibu petroli, kwa sababu kila mtu alijibu petroli. Naye akasema, "Hilo ni jina. Nimeuliza kitu."

Tabora ilikuwa na mafundi wengi, wa baiskeli, wa saa, wa cherehani, wa redio, na kila mmoja aliitwa kwa kitu chake. Huyu wa mtaa wa Isevya aliitwa Fundi tu. Mtu akitaka kukuelekeza zaidi alisema yule wa injini ndogo. Malori hakuyagusa, alisema yana wenyewe. Kazi yake ilikuwa pampu za maji, mashine za kukatia majani, misumeno ya injini ya wapasua mbao, na zile pampu za kubebwa mgongoni za kupulizia dawa kwenye pamba. Nilimjua zaidi ya miaka ishirini. Namna nilivyomjua si ya kujivunia, nami nitaifikia.

Kibanda chake kilikuwa cha bati, na ndani kulikuwa na rafu moja iliyopangwa chupa za kioo. Katika chupa hizo alihifadhi petroli, dizeli, mafuta ya taa na michanganyiko ya aina aina aliyoitoa kwenye matangi ya watu. Alikuwa na ushahidi wa kila mtu. Ukibisha, alirarua kipande cha karatasi ya daftari, akadondosha tone moja la mafuta yako, akakupa ushike mwenyewe. Mkangoja. Petroli ilikauka ikaacha karatasi kama ilivyokuwa. Ikiwa ilichanganywa na mafuta ya taa, lilibaki doa. "Petroli huaga ikaenda zake," alisema. "Mafuta ya taa ni mgeni asiyeona giza linaingia." Alikuwa pia na mtindo wa kutikisa chupa na kuiweka juani, mpaka maji yajitenge na kukaa chini. Mtu aliyeacha pipa lake wazi masika yote alionyeshwa maji hayo kwa kidole, bila neno.

Hakuwa na injini yake mwenyewe. Alipanda baiskeli, na mlima ukimshinda aliisukuma. Nilipomuuliza sababu alisema anazijua mno injini hata asiweze kulala nazo nyumba moja. Mkewe naye alikuwa na sheria zake kuhusu kulala. Nguo za kazi ziliishia kwenye msumari wa nje, mvua ikinyesha na zinyeshewe. Ijumaa alivaa kanzu nyeupe iliyotunzwa sandukuni pamoja na udi, na hata hivyo msikitini watu waliopanga safu karibu naye walimwachia nafasi kidogo. Aliamini ni heshima.

Kwa mtu aliyejali hivyo mashine zinakula nini, yeye mwenyewe alikula chochote. Nimemwona akila mihogo ya juzi kwa chai yenye sukari vijiko sita, huku akimkaripia mpasua mbao kwa kutumia petroli iliyokaa miezi mitatu. Alikuwa na vidonda vya tumbo. Alipelekwa hospitali ya Kitete mara mbili, akapewa orodha ya vyakula vya kuepuka, akaisoma kwa makini, akaitumia kujaribia petroli.

Uongo aliuchukia kwa watu wengine. Yeye alisema amefika Nairobi, na mji aliousimulia ulifanana sana na Dodoma. Umri wake ulikuwa ukipungua. Lakini katika mambo ya mafuta sikumkamata na uongo, ila mara moja, na hiyo nayo ilikuwa kwa kunyamaza.

Zilikuwa zile siku za uhaba, oili ya injini haipatikani. Kwake alikuja katekista mmoja kutoka kijiji cha upande wa Sikonge, mpasua mbao, na msumeno wake wa injini begani. Misumeno ile hunywa petroli iliyochanganywa na oili, kwa kuwa haina mahali pengine pa kuwekea oili. Oili hiyo ndiyo inayolainisha kila kitu ndani.

"Umeweka nini?"

"Petroli na oili, Fundi."

"Oili ya nani?"

Katekista akatazama chini. "Ya Kigoma."

Yalikuwa mawese. Alipouwasha msumeno, Isevya nzima ilinukia maandazi, na majirani wawili wakatoka kuuliza bei. Fundi alimpa somo refu mbele ya watu, kwamba mafuta ya kula ni ya kula, kwamba yataganda, yataziba, yataua. Katekista akaondoka ameinamisha kichwa. Wiki iliyofuata, mkewe Fundi ndiye aliyeniambia, mumewe alinunua mafuta ya nyonyo, yale ambayo sisi watoto wa zamani tulinyweshwa kusafisha tumbo, akayajaribu kwenye injini mbovu nyuma ya kibanda. Injini ikakubali. Ikakubali vizuri. Alikasirika siku saba. Baadaye nilimwona akimpa katekista chupa iliyofungwa kwenye gazeti, akamwambia asimwambie mtu alikoitoa, na somo lake la hadharani hakulifuta.

Na kulikuwa na mkubwa mmoja wa serikali, ambaye hata cheo chake sitakitaja. Alikuwa na uwanja wa majani mbele ya nyumba yake na mashine ya kuyakata. Mtu alimwambia kwamba ukichanganya petroli na mafuta ya taa nusu kwa nusu, utaokoa petroli. Mashine ikafa. Fundi akaifufua, akamweleza. Ikafa tena, akaifufua tena, akamweleza kwa karatasi. Mara ya tatu mkubwa alikuja mwenyewe, akasema mbele ya kibanda, "Nakuamuru uitengeneze, na mafuta yatakuwa yale yale." Fundi akasema ndiyo, mzee. Akaitengeneza. Baada ya siku nne ilirudishwa. Safari hii hakuifungua. Alichukua chaki akaandika juu ya kifuniko, IMEFARIKI KWA AMRI, akaiweka mbele ya kibanda ikitazama barabara.

Watu walikuja kusoma. Wasiojua kusoma walikuja kusomewa. Mkubwa akamtuma tarishi kumwambia aigeuze mashine upande wa pili, na Fundi, ambaye hakuwa mtu wa kupinga serikali, akaigeuza. Upande wa pili alikuwa ameandika vilevile. Mwishowe mkubwa alinunua mbuzi watatu wa kula majani yale. Tulipomuuliza Fundi anaonaje, alifikiri kwa makini, maana swali lolote lililohusu mafuta kwake lilikuwa la makini. "Hao ni sawa," alisema. "Wanatumia kile wanachokata."

Njia ya zamani ya misafara ilipita karibu na kwetu, na wazee wa mjini hupenda kuizungumza kana kwamba walibeba mizigo wao. Fundi aliitaja mara moja tu ninayoikumbuka. Alisema wenye misafara walijua kitu ambacho wenye mashine hawajui. Mpagazi ukimpa uji mzuri anakwenda, ukimpa uji uliochacha anakwenda pia, na wewe unafurahi kwamba umeokoa. Kesho yake unabeba mwenyewe.

Sasa nieleze nilivyomjua.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo, nikapangiwa kijiji cha ujamaa upande wa Choma, kwenye mbuga za Igunga, kwenye pamba na ng'ombe. Niliitwa Bibi Shamba, na wazee wenye umri wa baba yangu waliniamkia kabla sijawaamkia, kwa sababu nilikuwa serikali. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilijua kupanda kwa mistari.

Kijiji kilikuwa na lambo la kukinga maji ya mvua, na kwenye lambo kulikuwa na pampu ndogo nyekundu iliyopandisha maji hadi kwenye tangi karibu na makazi. Bila pampu, wanawake walishuka lamboni na ndoo, mwendo wa nusu saa, wakachota pamoja na ng'ombe. Pampu ile ilikuwa ya jamii ya ule msumeno wa katekista. Ilikunywa petroli yenye oili, chupa moja ya oili kwa chupa ishirini na tano za petroli. Mimi sikujua hilo. Aliyejua alikuwa Masanja, mtunza pampu tangu iletwe miezi minane nyuma, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Alikuwa na chupa yake ya kupimia, ameichora alama kwa msumari.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi mtoto wa Masanja aliamka na homa kali, akambeba kumpeleka zahanati ya kijiji cha jirani. Wanawake wakapanga ndoo kwenye bomba, maji hakuna. Ufunguo wa ghala nilikuwa nao mimi, kwa ajili ya dawa za pamba. Pipa la petroli lilikuwa limefika jana yake. Nikachota petroli, nikaenda lamboni, nikajaza tangi la pampu, nikavuta kamba. Ikawaka mara ya kwanza. Maji yalipofika juu nilisikia vigelegele kutoka kwenye bomba, na wanawake walionifuata wakaniita mwanamke wa shoka. Nilijiona mtu wa maana sana kwa muda wa saa moja na robo.

Kisha ikapiga ukelele mmoja mwembamba, ikanyamaza. Niliishika nikaungua vidole. Niliwaambia wale wanawake kwamba petroli imekwisha, wamngoje Masanja. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kazini, na ulitoka bila taabu.

Masanja alirudi alasiri na mtoto mgongoni. Alimpa mkewe mtoto, akashuka lamboni bila kunywa hata maji. Akavuta kamba, haikuja. Akavuta kwa nguvu zake zote, na nguvu zake zilikuwa nyingi, kamba ikakatika mkononi mwake, watu zaidi ya ishirini wakitazama. Kufikia jioni kila mtu alijua kwamba kwa Bibi Shamba pampu ilifanya kazi mpaka mafuta yake yakaisha, na kwa Masanja, aliyedhaniwa ametia mengine, ikavunjika.

Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na katibu aliyependa maneno ya redio, na katibu akasema neno hujuma. Lilipokwisha kusemwa halikurudi mdomoni. Masanja akawekwa katika chumba cha ofisi ya kijiji, mgambo wawili mlangoni, angoje kupelekwa polisi Nzega. Mwenyekiti alisisitiza jambo moja tu, kwamba kwanza aitwe fundi kutoka Tabora aseme pampu imekufa kwa nini, ili barua ya polisi iwe na maelezo.

Siku ya pili nilifungua ghala kuchukua dawa. Kando ya pipa niliona chupa ya Masanja yenye alama ya msumari, na kopo la oili lililokuwa halijafunguliwa. Nikalinyanyua lile kopo, zito. Nikaelewa.

Ningependa kusema kwamba siku zile nilipigana na nafsi yangu. Kwa kweli nilipima mistari ya pamba. Kila asubuhi mkewe Masanja alipita mbele ya nyumba yangu akimpelekea mumewe uji, mtoto mgongoni, bado ana homa, na kila asubuhi alinisalimu, "Mwangaluka, Bibi Shamba." Nami nilimwitikia, "Mwangaluka," nikaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Fundi alifika siku ya nne. Basi lilimshusha barabarani, na kutoka hapo alikuja kwa mkokoteni wa ng'ombe, amekalia sanduku lake la mbao. Pampu ilikuwa imeletwa mbele ya ofisi, na kijiji kizima kilikuwa kimeitwa. Masanja aliketishwa chini kati ya mgambo wawili. Fundi alimwamkia Mwenyekiti, akatandika gunia, akaifungua injini kipande kwa kipande, bila haraka. Alipoitoa pistoni aliinyanyua juu watu waione. Ilikuwa imekwaruzika kama iliyopigwa msasa.

Kisha akarudi kwenye tangi la pampu, akachovya kijiti, akadondosha tone kwenye karatasi. Tukangoja wote. Karatasi ikakauka ikawa safi. Aliigeuza huku na huku juani. Kama petroli ile ingekuwa na oili, pangebaki doa.

"Injini hii," akasema, "imekufa kwa petroli safi."

Mwenyekiti akakunja uso. "Sasa ulitaka iwekewe chafu?"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Akaeleza habari ya oili, chupa moja kwa chupa ishirini na tano, na kwamba bila oili injini kama hii huenda vizuri, tena kwa furaha, kisha hushikana.

"Basi Masanja hakuweka oili," akasema katibu, akaandika.

"Huyu bwana amechanganya oili miezi minane," akasema Fundi. "La sivyo pistoni ingekuwa imekufa zamani. Mpishi hasahau chumvi siku moja tu katika miezi minane."

"Anaweza kusahau kwa makusudi," akasema katibu.

Hakuna aliyecheka. Siku zile hiyo ilikuwa sentensi ya kumpeleka mtu mbali.

"Sema wewe, Fundi," akasema Mwenyekiti. "Nani alitia mafuta haya?"

"Ndugu Mwenyekiti, injini huniambia imekula nini. Haijapata kuniambia nani alipakua." Akajifuta mikono. "Nionyesheni ghala."

Ufunguo ulikuwa wangu, kwa hiyo nikaenda naye. Tulikuwa wawili tu mle ndani. Alilitazama pipa, akaigeuza ile chupa ya Masanja mkononi, akapitisha kidole kwenye alama ya msumari. Bila kuniangalia akauliza, "Tangini kulikuwa na kiasi gani ulipoanza kumimina?"

"Hakukuwa na kitu," nikasema.

Nikasikia nilichokisema. Yeye aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kipimo. "Ulijaza, basi."

"Nilijaza."

"Ripoti nitaandika mimi," akasema, akairudisha chupa mahali pake palepale. "Ila kwanza nitakunywa chai. Tena siwezi kunywa haraka, nina vidonda vya tumbo."

Alirudi kwenye mkutano, akaketi kwenye sanduku lake, akaomba chai, akaletewa. Kikombe cha kwanza alikinywa huku akipuliza. Mwenyekiti alitazama saa. Katibu alichonga penseli. Masanja alikuwa anamenya kijiti kwa kucha, ganda baada ya ganda. Fundi akaomba kikombe cha pili, akaulizia kama kuna sukari zaidi. Jua lilikuwa kali na watu walianza kunung'unika. Akaomba cha tatu. Sijapata kuona mtu anayekunywa chai polepole vile, wala tangu siku ile sijaona.

Alipofika nusu ya kikombe cha tatu nilisimama.

"Ndugu Mwenyekiti, niliyetia petroli ni mimi."

"Petroli gani?"

"Ile iliyoiua. Masanja alikuwa zahanati na mtoto. Nilitia mimi, nikawasha mimi, ikafia mikononi mwangu. Sikujua habari ya oili. Lakini nilijua haikwisha mafuta. Nilidanganya."

Hapakuwa na kelele niliyoitarajia. Kwanza mkewe Masanja alisema kitu kwa Kisukuma ambacho nilikielewa, na sitakiandika. Kisha Masanja akakitupa kile kijiti, akasimama mwenyewe bila kuruhusiwa na mgambo, akaenda kumchukua mtoto wake.

Fundi alikimaliza kikombe. Ripoti yake ilikuwa na mistari mitatu, na nakala yake ilikaa katika faili langu hadi nilipostaafu. *Ilitiwa petroli bila oili. Aliyetia amesema mwenyewe. Sababu: hakufundishwa.* Katibu alitaka mstari wa tatu uondolewe. Fundi alisema ripoti ni kama mchanganyiko, ukitoa kimoja si ripoti tena.

Neno lile *hakufundishwa* ndilo lililoniponya. Wilayani walinipa barua ya onyo na si zaidi. Kijiji kilinipa adhabu yake chenyewe. Mpaka pampu ipone, maji ya nyumba ya Masanja nitayachota mimi, kutoka lamboni, kichwani, mchana kweupe. Niliyachota siku kumi na tisa. Nilipokuwa nikimimina kwenye mtungi wao, mkewe alikuwa anaangalia kama nimemwaga. Mtoto alipona siku ya sita na kuanza kunifuata njiani, akinihesabia matone.

Masanja hakunisemesha. Siku ya ishirini Fundi alirudi na pistoni aliyoipata nisikokujua, akaifunga, pampu ikawaka. Ndipo Masanja akaja na chupa yake, akanipa. "Mimina mpaka kwenye alama," akasema. Nikamimina. Akaiinua machoni. "Punguza kidogo." Nikapunguza. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza, na tangu hapo tukawa tunasalimiana.

Kabla ya kuondoka Fundi alichora picha kwenye mapipa na madebe ya ghala kwa rangi nyeupe, ili hata asiyesoma ajue kipi ni cha nini. Hakujua kuchora. Pampu yake ilifanana na bata, na mashine ya kijiji ya kusagia, iliyotumia dizeli, tulidhani ni mtu aliyeketi. Lakini kijiji kilizoea, na kwa miaka watu walisema "niletee ya bata" bila kukosea.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Nikamwambia, "Fundi, ulijua. Ulinisubiri."

"Nilikuwa na chai," akasema, akapanda basi.

Nilipohamishiwa Tabora mjini nikawa napita kibandani kwake mara kwa mara, na hayo mengine yote niliyoyasimulia niliyaona hapo, siku baada ya siku, nimekaa kwenye debe lililopinduliwa. Hatukuizungumza tena habari ya Choma. Alinifundisha mafuta, nikamwandikia barua zake, maana mwandiko wake ulikuwa kama ile michoro.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda mrefu alikuwa ameshafunga kibanda. Alikuja nyumbani kwangu asubuhi amevaa koti juu ya kanzu, na haikuwa Ijumaa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Bibi Shamba." Hakuacha kuniita hivyo. "Nina barua."

Nikaleta karatasi. Alianza kwa salamu, na salamu zikawa nyingi mno. Aliulizia mvua, mazao, afya za watu ambao nilihisi hawajui. Nilijaza ukurasa. Kisha akaomba maji, akanywa.

Barua ilikuwa ya kwenda kwa mtu aliyefanya naye kazi ujanani, kabla ya uhuru, katika shamba la tumbaku la mzungu mmoja huko Urambo. Walikuwa wawili. Mwenzake alikuwa mtunza pampu ya kumwagilia miche, yeye alikuwa kibarua wa kufyeka. Siku moja mwenzake alimwachia pampu kidogo aende kula. Petroli ikapungua, naye akajazia mafuta ya taa ili asionekane ameacha pampu izimike. Pampu ikafa, miche ikakauka kitalu kizima. Mzungu hakuuliza. Mwenye pampu akafukuzwa siku ileile.

"Na wewe?" nikauliza.

"Nikapewa kazi yake." Alikitazama kikombe. "Ufundi wangu wote nimeuanzia pale. Pampu ya kwanza niliyojifunza kuifungua ilikuwa ile ile."

Alikuwa amesikia kwa abiria mmoja kwamba mtu huyo yu hai, anaishi kijiji kimoja mbele ya Usoke. Nikaandika alichonitamkia. *Ilikuwa ni mimi. Niliweka mafuta ya taa.* Nilimuuliza kama tuandike na samahani. Akasema iandikwe, lakini chini, isije ikaonekana ndiyo habari yenyewe. Hakutaka kuituma kwa posta. Akasema treni ipo kesho, na kwamba macho ya mwenzake huenda hayafai tena kusoma, kwa hiyo itabidi niende mimi nikasome. Nikaomba ruhusa kazini.

Tulimkuta uani kwake, mzee mrefu mwembamba, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Alitukaribisha kwa vigoda kabla hajatujua. Fundi alijitaja, na yule mzee akaendelea kupukuchua kwa muda kidogo, kisha akaweka gunzi chini. Nikasoma. Nilisoma na zile salamu zote, maana Fundi alinikataza kuruka. Nilipofika kwenye mafuta ya taa nilisikia sauti yangu inaharakisha, nikaipunguza.

Nilipomaliza, mwenyeji wetu alisema, "Nilijua siku ileile. Mikono yako ilikuwa inanuka mafuta ya taa."

Fundi aliondoa miwani, akaishika magotini. "Mbona hukusema?"

"Nilidhani utasema mwenyewe. Nikangoja."

"Ulingoja mpaka lini?"

"Mpaka treni iliyonitoa Urambo ilipoondoka."

Kuku alipita kati yetu akadonoa punje. Hakuna aliyemfukuza. Fundi hakusema samahani iliyokuwa kwenye karatasi. Alikuwa analia, bila kujificha, machozi yakipita kwenye ndevu, na yule mzee alikuwa akimtazama bila uchungu wala huruma niliyoweza kuitambua, kama mtu anayesubiri kitu kipoe.

Kisha mwenyeji akajisukuma kwa mikono, akasimama.

"Haya," akasema. "Madhali umekuja. Mwanangu ana pampu huko nyuma ya nyumba, bustanini. Tangu juzi haiwaki."

Fundi akavaa miwani. Akavua koti, akanipa nimshikie, akazunguka nyuma ya nyumba na kanzu yake nyeupe. Yule mzee alimfuata amebeba kigoda, akakiweka karibu na pampu, akaketi, akamtazama akifanya kazi hadi ilipowaka.